Kustaafu Mapema: Akiba Kabla ya Ushuru au Baada ya Ushuru?

Wakazi wengi wanaofanya kazi ya mshahara hutaja umri wa miaka 60 wanapozungumzia kustaafu. Huo ndio umri wa lazima wa kustaafu katika utumishi wa umma, na miaka 65 kwa watu wenye ulemavu. Hata hivyo, si kila mtu hufika hapo akiwa kazini. Wapo wanaopanga kuondoka mapema, wakiwa na miaka 50 au hata 45, ili walime, wafungue biashara au wawatunze wazazi. Wapo pia ambao hawakupanga: kampuni inapunguza wafanyakazi, mkataba unakwisha bila kuongezwa, au ugonjwa unaingia.

Kwa makundi yote mawili, swali ni moja. Je, akiba ya miaka ya kazi iwekwe katika mpango wa pensheni, ambako hukatwa kabla ya mshahara kutozwa ushuru? Au mtu apokee mshahara, alipe ushuru wake, kisha aweke kilichobaki kwenye Sacco, benki au hatifungani? Anayefunga kila kitu kwenye pensheni anaweza kuacha kazi akiwa na mamilioni kwenye karatasi na asiwe na karo ya mtoto mfukoni. Anayeweka kila kitu nje hulipa ushuru mwaka baada ya mwaka ambao sheria ilikuwa tayari kumwachia.

Baada ya kusoma somo hili, mkazi ataweza:

- kueleza tofauti ya akiba ya kabla ya ushuru na akiba ya baada ya ushuru;
- kujua nafuu ya ushuru ina thamani gani kwa kipato chake;
- kupanga fedha za miaka iliyo kati ya kuacha kazi na kuanza kupokea pensheni.

1. Aina mbili za akiba

Akiba ya kabla ya ushuru ni mchango unaotolewa kwenye mshahara kwanza, na ushuru wa mapato, yaani PAYE, hukokotolewa kwa kile kilichobaki. Michango ya NSSF, mipango ya pensheni ya waajiri na mipango binafsi ya pensheni iliyosajiliwa huingia katika kundi hili. Mipango hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Malipo ya Uzeeni, RBA.

Akiba ya baada ya ushuru ni fedha ambazo tayari zimepitia mikononi mwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Hapa pana amana za Sacco, akaunti za benki, mifuko ya uwekezaji wa pamoja, hatifungani za serikali, hisa, na nyumba za kupangisha.

Tofauti kubwa ni wakati wa kulipa ushuru. Katika kundi la pili ushuru hulipwa mwanzoni. Katika kundi la kwanza huahirishwa na, kama itakavyoonekana, unaweza kuondolewa kabisa.

2. Sheria inasema nini

Mabadiliko ya sheria za ushuru yaliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 yaligusa pande zote mbili za pensheni: fedha zinapoingia na zinapotoka.

Zinapoingia, mchango unaoondolewa kwenye hesabu ya ushuru ulipandishwa kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, sawa na 360,000 kwa mwaka. Kiwango hicho kina masharti. Kinachokubaliwa ni kiasi kidogo zaidi kati ya vitatu: mchango halisi wa mfanyakazi, asilimia 30 ya mshahara unaotumika kukokotoa pensheni, au shilingi 30,000. Mchango wa NSSF umo ndani ya hesabu hiyo. Mtu akiweka zaidi ya hapo, ziada haimpunguzii ushuru.

Zinapotoka, malipo kutoka mpango uliosajiliwa hayatozwi ushuru wa mapato katika hali tatu:

- mwanachama amefikia umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mpango wake;
- ameondoka kabla ya umri huo kwa sababu ya afya mbaya;
- anatoa fedha baada ya miaka 20 tangu aliposajiliwa kuwa mwanachama wa mpango.

Anayepanga kustaafu mapema anafaa kuisoma hali ya tatu mara mbili. Miaka 20 huhesabiwa kuanzia tarehe ya kusajiliwa. Ukubwa wa michango haumo katika hesabu hiyo. Kijana aliyejiunga na mpango akiwa na miaka 26 hutimiza miaka 20 akiwa na 46. Aliyesubiri hadi 35 hutimiza akiwa na 55. Kwa hiyo kujiunga mapema, hata kwa mchango mdogo, kuna thamani yake.

Asiyetimiza hata moja kati ya hali hizo anaweza kukatwa ushuru anapotoa fedha. Anayetaka kuondoka akiwa na miaka 50, na hajafikisha miaka 20 ya uanachama, asikisie. Awaandikie wadhamini wa mpango wake na kuuliza kanuni zinautaja umri gani kuwa wa kustaafu, na malipo yake yatakatwa ushuru kiasi gani. Jibu liwe la maandishi.

3. Nafuu ina thamani gani?

Nafuu ya ushuru haina thamani sawa kwa kila mtu. Hutegemea kiwango cha ushuru kinachotozwa shilingi ya mwisho ya mshahara. Viwango vya PAYE vilivyoanza Julai 2023 ni hivi:

- shilingi 24,000 za kwanza kwa mwezi: asilimia 10;
- kutoka 24,001 hadi 32,333: asilimia 25;
- kutoka 32,334 hadi 500,000: asilimia 30;
- kutoka 500,001 hadi 800,000: asilimia 32.5;
- zaidi ya 800,000: asilimia 35.

Kila mfanyakazi hupewa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi. Kwa anayelipwa 24,000, ushuru ni 2,400, na nafuu hiyo huufuta wote. Mtu huyo halipi PAYE, kwa hiyo kuweka akiba kabla ya ushuru hakumpunguzii chochote. Anayelipwa 90,000, kwa upande mwingine, huokoa shilingi 30 kwa kila 100 anayoweka.

Uchukuliwe mfano wa mfanyakazi wa miaka 38 anayelipwa shilingi 90,000 kwa mwezi. NSSF na mpango wa kazini tayari humkata 9,000. Asilimia 30 ya mshahara wake ni 27,000, basi bado ana nafasi ya 18,000 kila mwezi. Amepata shilingi 10,000 za kuweka akiba zaidi kwa miaka 12, hadi afike 50.

Akiziweka kwenye pensheni, zote 10,000 huingia. Akizipokea kama mshahara, 3,000 huenda kwa KRA na 7,000 ndizo zinazobaki za kuweka. Makato ya bima ya afya ya jamii na ya nyumba za bei nafuu hukokotolewa kwa mshahara mzima, kwa hiyo hayabadilishwi na uamuzi huu.

Tuseme kila njia huleta faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na fedha huhesabiwa kila mwisho wa mwaka. Faida ndani ya pensheni haikatwi ushuru. Riba ya benki hukatwa asilimia 15, hivyo 8 hubaki 6.8. Baada ya miaka 12:

- akiba ya pensheni hufika karibu shilingi milioni 2.28;
- akiba ya nje hufika karibu shilingi milioni 1.49.

Pengo ni karibu shilingi 790,000, kwa mtu yuleyule na mshahara uleule. Faida ya asilimia 8 ni ya mfano tu, si ahadi ya mpango wowote.

Na je, akikatwa ushuru wakati wa kutoa? Tuseme akatwe asilimia 30 ya zote. Milioni 2.28 hushuka hadi karibu milioni 1.59. Kiasi hicho ni sawa kabisa na ambacho 7,000 kwa mwezi zingefikia kama riba yake isingekatwa kitu. Hapa ndipo kanuni ya msingi inapoonekana: kiwango cha ushuru kikiwa kilekile, kulipa mwanzo au kulipa mwisho ni mamoja. Pensheni hushinda pale ambapo kiwango cha kutoka ni kidogo kuliko cha kuingia, au hakuna ushuru kabisa. Hushindwa pale ambapo mtu hakupata nafuu yoyote alipoweka, kisha anakatwa anapotoa.

4. Kufuli kwenye pensheni

Kwa upande wa ushuru pekee, mwenye mshahara wa wastani ana sababu nzuri ya kuchagua pensheni. Lakini nafuu hiyo huja na kufuli.

Kanuni nyingi za mipango, pamoja na NSSF, huruhusu kustaafu mapema kuanzia miaka 50. Kabla ya hapo, anayeacha kazi haruhusiwi kuchukua kila kitu. Sehemu ya fedha zilizotokana na mchango wa mwajiri hubaki zimefungwa hadi umri wa kustaafu. Na anayefika umri huo akiwa katika mpango wa pensheni hupewa kwa mkupuo si zaidi ya theluthi moja. Zinazobaki humlipa kidogo kidogo. Mfuko wa akiba ya uzeeni unaolipa kwa mkupuo mmoja una utaratibu tofauti. Mwanachama anafaa kujua mpango wake ni wa aina gani.

Kufuli hili lina faida yake. Fedha zilizofungwa haziwezi kukopwa na ndugu, wala kumalizwa na harusi au biashara iliyoanzishwa kwa pupa. Wengi waliochukua akiba yao walipobadilisha kazi wakiwa na miaka 35 hujikuta wakianza upya, na hesabu ya miaka 20 huanza nao. Kuhamisha akiba kwenda mpango wa mwajiri mpya, au mpango binafsi, mara nyingi ni uamuzi bora kuliko kuitoa.

Kufuli lina dirisha moja. Mwanachama anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake ya uzeeni kununua nyumba ya kuishi, kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni 7. Anayetaka kustaafu mapema akiwa amemalizana na kodi ya nyumba anaweza kulizingatia hilo, akikumbuka kwamba pensheni itapungua kwa kiasi hichohicho.

5. Daraja la miaka ya katikati

Anayetaka kuacha kazi kabla ya 50 anahitaji daraja: fedha za kuishi hadi pensheni ianze. Daraja hilo hujengwa kwa akiba ya baada ya ushuru.

Hesabu yake si ngumu. Familia inayotumia shilingi 40,000 kwa mwezi, na mlezi wake akiacha kazi na miaka 46, ina miezi 48 ya kuvuka hadi 50. Hiyo ni shilingi 1,920,000, kabla ya kuongeza kupanda kwa bei na dharura. Fedha hizo zisipokuwapo nje ya pensheni, tarehe ya kuacha kazi haijafika, hata kama taarifa ya pensheni inaonyesha mamilioni.

Vifaa vya daraja vina tabia tofauti:

*Amana za Sacco.* Husaidia kupata mikopo, na gawio la hisa hukatwa ushuru wa asilimia 5 tu. Lakini kwa kawaida amana hazitolewi kidogo kidogo. Mwanachama hujiondoa, hutoa notisi, mara nyingi ya siku 60, na husubiri hadi mikopo aliyowadhamini wenzake ilipwe au ipate mdhamini mwingine. Anayetegemea Sacco aanze kujitoa kwenye udhamini mapema.

*Hatifungani za serikali.* Hununuliwa moja kwa moja kutoka Benki Kuu kupitia mfumo wa DhowCSD, kuanzia shilingi 50,000 kwa hatifungani za kawaida. Hulipa riba kila miezi sita. Riba hukatwa asilimia 15 kwa za chini ya miaka 10, na asilimia 10 kwa za miaka 10 na zaidi. Riba ya hatifungani za miundomsingi haikatwi ushuru. Busara ni kununua zinazoiva katika miaka ya daraja, mwaka kwa mwaka, kwa sababu anayeuza kabla ya kuiva anaweza kupata bei ya chini.

*Akaunti za benki na mifuko ya uwekezaji wa pamoja.* Fedha hupatikana haraka, na riba hukatwa asilimia 15. Zinafaa kwa matumizi ya miezi 6 hadi 12.

*Nyumba za kupangisha.* Kodi ya pango ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5, bila kuondoa gharama za ukarabati. Mwenye nyumba apige hesabu akiweka pia miezi ambayo chumba kitakaa bila mpangaji.

6. Wasiofaidika na nafuu

Si kila mkazi anafaa kukimbilia akiba ya kabla ya ushuru. Mfanyakazi wa nyumbani, mhudumu wa duka au kibarua anayelipwa chini ya 24,000 hana PAYE ya kupunguziwa. Mwenye duka anayelipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3 hulipa kwa mauzo yote bila kuondoa gharama yoyote, hivyo mchango wa pensheni haumpunguzii ushuru huo.

Hao wanaweza kuweka akiba ya uzeeni kwa sababu nyingine: nidhamu na faida inayokua. Mpango wa NSSF wa Haba Haba hupokea kuanzia shilingi 25 kwa siku, na humruhusu mchangiaji kupata hadi nusu ya akiba yake baada ya kuchanga kwa miaka mitano. Mama mboga, mwendeshaji wa bodaboda au mvuvi anaweza kugawa akiba yake kati ya mpango kama huo na Sacco, akijua kwamba kinachomfaa ni kuweka bila kukatiza.

7. Hatua za kufuata

1. *Kusoma hati ya malipo ya mwezi.* Iangaliwe mshahara upo katika kiwango gani cha ushuru na pensheni tayari inakata kiasi gani.
2. *Kuchukua mchango wa mwajiri wote.* Mwajiri akiongeza fedha kulingana na mchango wa mfanyakazi, hakuna akiba ya nje inayoweza kuufikia ukarimu huo.
3. *Kuandika umri wa kuondoka.* Kabla ya 50, kati ya 50 na umri wa kustaafu wa mpango, au baadaye. Kila jibu lina kufuli tofauti.
4. *Kupiga hesabu ya daraja.* Matumizi ya mwezi yazidishwe kwa miezi ya kungoja. Akiba ya nje ilenge kiasi hicho kwanza, kisha kinachobaki kijaze nafasi ya pensheni hadi kiwango cha sheria.
5. *Kuhesabu afya.* Mchango wa hadi shilingi 15,000 kwa mwezi katika mfuko wa matibabu ya baada ya kustaafu nao huondolewa kwenye hesabu ya ushuru. Anayeacha mshahara hulipia bima ya afya ya jamii kwa makadirio ya kipato cha familia, na malipo hayo huwa ya mwaka mzima.
6. *Kuweka kumbukumbu.* Fomu ya P9 ya kila mwaka, taarifa ya pensheni, barua ya tarehe ya kusajiliwa, na majina ya warithi yaliyosahihishwa baada ya ndoa, kuzaa au msiba.

Maswali ya kujipima

*Muuguzi alijiunga na mpango wa pensheni akiwa na miaka 29 na anataka kuondoka akiwa na 50. Je, kigezo cha miaka 20 kimetimia?* Ndiyo, atakuwa na miaka 21 ya uanachama, ikiwa amebaki katika mpango huohuo. Kama alihama, atafute barua inayoonyesha tarehe inayotambuliwa.

*Mwalimu wa shule ya kibinafsi analipwa 23,000 na anaulizwa kama aongeze mchango wa pensheni ili apunguze ushuru. Ajibu nini?* Hatapunguza ushuru, kwa kuwa halipi PAYE. Anaweza kuongeza kwa sababu ya uzee wake, baada ya kuweka akiba ya dharura.

*Fundi wa kampuni ana milioni 3 kwenye pensheni, 150,000 kwenye benki, na anataka kuacha kazi na miaka 45. Matumizi yake ni 30,000 kwa mwezi. Ana upungufu gani?* Miezi 60 ya kungoja hadi 50 inahitaji 1,800,000. Akitoa 150,000 alizo nazo, amepungukiwa na 1,650,000. Sehemu anayoruhusiwa kutoa kwenye pensheni inaweza kupunguza pengo hilo, lakini itakatwa ushuru kama hajatimiza miaka 20, na pensheni yake ya baadaye itakuwa ndogo. Ama aongeze miaka ya kazi, ama aanze sasa kujenga daraja.

Viwango vya ushuru na vya michango hubadilishwa na sheria zinazopitishwa na Bunge. Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, mkazi anashauriwa kuthibitisha viwango vya wakati huo kwa KRA, wadhamini wa mpango wake na NSSF. Huduma nyingi za KRA na NSSF hupatikana katika vituo vya Huduma Centre. Barua ikishapokelewa na mwajiri ni vigumu kuirudisha. Kuuliza kabla ya kuiandika hakugharimu kitu.